Kitendawili kilichotegwa chini ya skrini

"Kitendawili!"

"Tega!"

Neno hilo tunalitumia kwa mengi. Mvuvi hutega dema. Mwindaji hutega kitanzi. Mwanajeshi hutega bomu chini ya udongo akaenda zake, na pengine akafa kwa uzee huku bomu likingali pale pale, linasubiri mguu wa mtu asiyemjua. Bibi naye, jioni, huwategea wajukuu fumbo. Na kwa mitego yote hiyo dawa yetu ni neno lile lile lililogeuzwa mkia kidogo: kutegua. Mtego huteguliwa, bomu huteguliwa, kitendawili huteguliwa.

Mwaka 1983 Mwingereza mmoja, Ian Andrew, aliyakutanisha mambo hayo mawili, bomu na fumbo, ndani ya mchezo wa kompyuta aliouita Mined-Out. Jina hilo wachache watalikumbuka. Lakini kama uliwahi kukaa mbele ya kompyuta ya ofisini, ukabofya kisanduku cha kijivu, ikachomoza namba 2 ya kijani, ukajikuna kichwa, ukabofya tena na skrini nzima ikajaa mabomu, basi umekutana na mmoja wa jamaa za mchezo huo. Hii ni habari ya ukoo wenyewe: ulikotoka, ulivyohama mkono hadi mkono, na ugomvi wa nani hasa baba yake.

Televisheni ya sebuleni na kaseti ya muziki

Ili kuuelewa mchezo, tuanze na mashine. Aprili 1982 kampuni ya Clive Sinclair ya Cambridge ilitoa kompyuta ndogo iitwayo ZX Spectrum. Yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16 iliuzwa pauni 125, na yenye kilobaiti 48 pauni 175. Leo picha moja tu ya harusi kwenye simu yako ingeizidi kumbukumbu hiyo mara nyingi. Vitufe vyake vilikuwa vya mpira laini, na watu wakavifananisha na nyama ya maiti. Skrini haikuwa nayo. Uliichomeka kwenye televisheni ya familia na kuwaomba wazazi wakuachie uwanja. Programu zilihifadhiwa kwenye kaseti zile zile za muziki. Ulibonyeza kitufe cha kuchezea, mashine ikalia mikwaruzo kwa dakika kadhaa, na kaseti ikisita kidogo ulianza upya.

Kwa mashine dhaifu namna hiyo, wabunifu walilazimika kufikiri kwa ubahili. Skrini ya Spectrum ilipangwa kwa herufi 32 kwenda upana na mistari 24 kwenda chini. Aliyetaka kuchora farasi anayekimbia alipata tabu. Aliyetaka shamba la visanduku vilivyopangwa safu kwa safu alikuwa ameshapewa bure na mashine yenyewe. Mined-Out ilizaliwa ndani ya umaskini huo na ikautumia kama mtaji.

Mchezo unaanzia chini ya skrini. Juu kuna mlango. Katikati kuna uwanja mtupu kwa macho, lakini umejaa mabomu yasiyoonekana. Kila unaposimama, mashine inakwambia jambo moja tu: ni mabomu mangapi yanapakana nawe. Yako upande gani, haisemi. Ukiona sifuri unapumua na kusonga mbele. Ukiona 1, unajua mojawapo ya hatua zilizo mbele yako ni ya mwisho. Unarudi nyuma, unajaribu kupitia kando, unalinganisha namba ya sasa na ile ya hatua mbili zilizopita, na polepole picha ya usichokiona inajengeka kichwani.

Mchezaji akizoea, uwanja unabadilika. Wapo wanawake waliokwama katikati ya mabomu ambao unaweza kuwaokoa. Yupo mdudu anayefuata nyayo zako hatua kwa hatua, kwa hiyo kukaa kufikiri kwa raha kunakuwa anasa. Na mwisho wa safari nzima anasubiri mnyoo mmoja aitwaye Bill. Kwa hadithi hii ya kipuuzi watu walikesha. Kampuni ya Quicksilva iliyouchapisha ikauhamishia kwenye kompyuta nyingine za nyumbani za wakati huo, ndani ya mwaka mmoja hivi. Wahakiki wa magazeti ya kompyuta waliusifu kwa upya wake, na kwa jinsi ulivyomng'ang'ania mchezaji asiinuke.

Fedha alizozipata Andrew akazifanya mbegu ya kampuni yake mwenyewe, Incentive Software. Mwaka 1987 kampuni hiyo ilitoa Driller, mchezo uliompa mchezaji dunia ya pande tatu ya kutembea ndani yake, katika enzi ambayo mashine za nyumbani zilidhaniwa haziwezi kabisa. Kwa hiyo mtu aliyeanza na uwanja usioonekana aliishia kujenga dunia inayoonekana pande zote.

Waliotangulia

Mchezo haushuki kutoka mbinguni. Miaka kumi kabla ya Mined-Out, kulikuwa na kompyuta kubwa za vyuoni ambazo hazikuwa na picha, ni maneno tu yanayochapwa. Mwaka 1973 Gregory Yob wa Marekani alitunga Hunt the Wumpus. Unatangatanga ndani ya pango lenye vyumba 20, kila kimoja kimeunganishwa na vingine vitatu, na humo amejificha dubwana. Ukikaribia chumba chake unaambiwa unasikia harufu yake. Ukikaribia shimo unahisi upepo. Dokezo linakuja kabla ya maangamizi, na mwenye akili anaweza kuchora ramani kutokana na harufu na upepo.

Katika miaka hiyo hiyo, David Ahl alikusanya vitabuni michezo iliyoandikwa kwa lugha ya BASIC, mmoja wao ukiitwa Cube, wa Jerimac Ratliff. Huo ulikuwa na mabomu kabisa: mchemraba wa nafasi tatu kwa tatu kwa tatu, jumla 27, na ndani yake yametegwa mabomu 5. Unatoka kona moja kwenda kona iliyo kinyume, huku ukiwa na dola 500 za kuwekea dau. Ila hupewi dokezo lolote. Unakwenda kwa bahati yako, kama anayevuka barabara kuu akiwa amefumba macho.

Tazama basi tofauti. Pango la Yob lina dokezo lakini halina hesabu. Mchemraba wa Ratliff una mabomu lakini hauna dokezo. Sisemi Andrew aliyachota hapo. Nasema kilichokosekana kote kuwili ni namba. Harufu inakwambia hatari ipo karibu. Namba inakwambia ni ngapi, na palipo na ngapi pana kujumlisha, kutoa, kulinganisha na kuhakikisha. Hapo mtego uligeuka kitendawili. Mtego hauna haki: unakunasa, basi. Kitendawili kina haki, kwa sababu jibu limo ndani ya maneno uliyopewa, na ukishindwa huwezi kumlaumu bibi.

Tunao mchezo mkubwa wa hesabu pwani yetu, bao. Lakini bao ni kazi ya mchana kweupe. Kete zote ziko wazi, na anayefungwa amefungwa na jicho lake. Uwanja wa mabomu ni wa usiku. Unahesabu kitu ambacho hujakiona na ukikiona umeshakufa.

Kutoka kwa mpita njia hadi kwa mteguaji

Mwaka 1985 ukatokea Relentless Logic kwa kompyuta za MS-DOS, kazi ya watu watatu waliojulikana kwa majina ya Conway, Hong na Smith. Humo wewe ni mwanajeshi wa Marekani unayebeba ujumbe kutoka kona ya juu kushoto hadi makao ya makamanda, kona ya chini kulia. Hesabu ni ile ile ya jirani. Hakukuwa na namna ya kuweka alama mahali ulipolishuku bomu, kwa hiyo daftari lako lilikuwa kichwa chako. Mwaka 1987 Tom Anderson, akivutiwa na mchezo huo, alitunga Mines kwa kompyuta za kampuni ya Sun.

Kisha tunafika Microsoft. Curt Johnson alikuwa ameandika mchezo wa mabomu kwa mfumo wa OS/2. Mwenzake Robert Donner akauchukua na kuufanya uwe wa Windows. Oktoba 1990 ukauzwa ndani ya mkusanyiko wa michezo ulioitwa Windows Entertainment Pack, na mwaka 1992 ukaingizwa ndani ya Windows 3.1 yenyewe, ukichukua nafasi ya mchezo wa Reversi. Tangu siku hiyo haukuhitaji kununuliwa. Ulikuja na kompyuta kama vile dawati linavyokuja na droo.

Katika safari hiyo yalitokea mageuzi ambayo hayazungumzwi sana. Mined-Out na Relentless Logic zina mtu anayetembea. Ana mahali pa kuanzia na mahali pa kufika, na akipata uchochoro mmoja salama inamtosha. Mabomu mengine na yalale yalipo. Katika Minesweeper ya Windows mtu huyo ametoweka. Hakuna safari wala mlango. Upo wewe juu ya uwanja, na kipanya mkononi, na hushindi mpaka ufungue kila kisanduku kisicho na bomu. Mpita njia amekuwa mteguaji, na wajibu umekua: awali ilikuwa nafsi yako, sasa ni ardhi yote.

Vipimo vyake wengi wanavijua kwa moyo. Ngazi ya wanaoanza ilikuwa visanduku 8 kwa 8 na mabomu 10. Ya kati, 16 kwa 16 na mabomu 40. Ya mabingwa, 30 kwa 16 na mabomu 99, yaani takriban bomu moja kwa kila visanduku vitano. Namba 1 ni ya bluu, 2 ya kijani, 3 nyekundu. Juu kuna kijuso cha njano kinachotabasamu. Ukishinda kinavaa miwani ya jua, ukilipukiwa kinafumba macho ya mauti. Na ipo huruma moja iliyofichwa: bofyo la kwanza halilipui. Ukiliangukia bomu pale mwanzo kabisa, programu hulihamishia mahali pengine kimyakimya, mchezo ukaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ulivyonoga, hata wenye nyumba walinaswa. Inasimuliwa kwamba Bill Gates aliuondoa kwenye kompyuta yake ili aokoe muda, halafu akawa anapenya ofisini kwa Mike Hallman, aliyekuwa rais wa kampuni, kwenda kuucheza huko.

Mtoto wa nani?

Umaarufu unapokuja, ndugu huongezeka. Andrew ameshikilia kwamba Minesweeper ni nakala ya Mined-Out. Johnson, kwa upande wake, amekiri kwamba mchezo wake aliuchota kwenye mchezo mwingine uliokuwapo. Ila hakumbuki upi, na anasema haukuwa Mined-Out.

Wahenga walisema kitanda hakizai haramu, na katika kesi hii hakimu angefanya vyema kulikumbuka neno hilo. Kwa kawaida sheria ya hakimiliki hulinda programu iliyoandikwa na picha zilizochorwa. Kanuni ya kucheza hailindwi. Hakuna aliyemiliki kuhesabu majirani. Na ukipanga miaka kwa mstari, yaani 1983, 1985, 1987 na 1990, unaona fikra moja ikipita mikononi mwa watu ambao pengine hawakujuana hata kidogo, kila mmoja akipunguza hapa na kuongeza pale.

Vitendawili vyetu vimeishi hivyo hivyo. Hakuna anayejua nani wa kwanza kuifananisha nyumba isiyo na mlango na yai. Anayekitega vizuri leo usiku ndiye mwenyewe kwa usiku huo. Lakini kutokuwa na mwenyewe hakuzuii kuwa na mwanzo, na katika michezo ya kompyuta ya nyumbani, uwanja wa mabomu wenye kuhesabu majirani una tarehe na una mtu: 1983, Ian Andrew. Kumtaja ni adabu, hata kama hatudai fidia.

Jibu ukiambiwa, unaona lilikuwa wazi

Haki niliyoisema, kwamba jibu limo ndani ya maneno uliyopewa, inaonekana vizuri kwenye mpangilio ambao kila mchezaji mzoefu anao vidoleni. Chukua safu ya visanduku vilivyofungwa, na chini yake namba tatu zilizo sambamba: 1, 2, 1. Je, bomu laweza kuwa juu ya ile 2 ya katikati? Tuseme lipo. Basi zile 1 mbili zimeshashiba, kwa kuwa zote zinaligusa, na hazikubali bomu jingine karibu. Lakini 2 imekula moja tu, na pande zote mbili zimefungwa. Itabaki na njaa. Haiwezekani. Kwa hiyo katikati ni salama, na mabomu yako juu ya zile 1. Hukubahatisha. Umeona kwa akili kitu ambacho jicho halikuona.

Ila si kila mara. Zipo pembe ambazo visanduku viwili vinabaki, bomu ni moja, na hakuna namba duniani itakayokwambia liko kipi. Hapo aliyefikiri nusu saa na mlevi wana nafasi sawa. Wachezaji huilaani pembe hiyo kuliko bomu lenyewe, na wana haki, kwa sababu hapo kitendawili kimerudi kuwa mtego.

Mwaka 2000 mwanahisabati Richard Kaye wa Chuo Kikuu cha Birmingham alionyesha kwamba chini ya mchezo huu kuna kina kirefu. Swali lake lilikuwa hili: ukipewa uwanja uliofunguliwa nusu, wenye namba zake, je, upo mpangilio wowote wa mabomu unaoziridhisha namba zote? Alithibitisha kwamba swali hilo liko katika kundi la maswali yanayoitwa NP kamili. Ni maswali ambayo jibu lake ukipewa unalihakiki upesi, lakini hakuna aliyegundua njia ya upesi ya kulitafuta kwa kila hali. Swali kama kweli njia hiyo haipo ni mojawapo ya mafumbo saba ambayo taasisi ya Clay, mwaka huo huo wa 2000, iliyatangazia zawadi ya dola milioni moja kila moja.

Maneno ya kitaalamu yanatisha, ila jambo lenyewe tunalijua tangu utotoni. Kitendawili kinakutesa usiku mzima. Bibi akitaja jibu, unajipiga paji la uso. Lilikuwa wazi. Wanahisabati wanauliza kwa nini kutambua ni rahisi na kutafuta ni kugumu, na bado fumbo hilo halijateguliwa.

Maua, kisha udongo

Wapo ambao mchezo haukuwachekesha. Nchini Italia wanaharakati walianzisha kampeni ya kuupinga, wakisema unawadhihaki waliopoteza miguu na maisha kwa mabomu halisi. Zilikuwa zama ambazo dunia ilikuwa imeamka: mkataba wa Ottawa wa kupiga marufuku mabomu ya ardhini ya kuulia watu ulisainiwa Desemba 1997 na kuanza kutumika Machi 1999. Microsoft ikasikia. Katika toleo la Kiitaliano mchezo ukapewa jina la Prato fiorito, yaani uwanda uliochanua, na mabomu yakawa maua. Baadaye, Windows Vista ikamruhusu mchezaji popote alipo kuchagua maua badala ya mabomu.

Maua yalituliza, lakini kanuni haikuguswa. Na kanuni hiyo ndiyo uongo mtamu wa mchezo wote. Bomu halisi halitoi namba. Mkulima anayerudi shambani baada ya vita haambiwi kwamba jirani ya jembe lake pana mawili. Hana bofyo la kwanza lenye huruma. Mtego wa kweli haukusudiwi kuteguliwa na yule unayemngoja.

Namba hiyo inayokosekana, wapo wanaoitafuta, na baadhi yao wanafunzwa Morogoro. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens, limekuwa likishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kuwafunza panya buku kunusa baruti. Mafunzo huchukua miezi tisa hivi. Mwalimu hushika kidude kinachotoa mlio mfupi wa kubofya; panya akipatia harufu anasikia mlio huo, kisha anapewa ndizi au karanga. Uwanjani hufungwa kamba, na watu wawili wakasimama huku na huku, akatembezwa mstari kwa mstari bila kuruka hata mmoja. Akinusa anakwangua udongo. Ni mwepesi mno kulipua bomu la kuulia watu. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alifanya kazi Kambodia akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 shirika la Uingereza la PDSA likamtunuku nishani ya dhahabu ya ushujaa, panya wa kwanza kuipata.

Kiswahili kiliita kifaa cha kubofyea kipanya, na hakikujua kinabashiri nini. Kipanya mezani, bofyo, namba. Panya buku shambani, bofyo, ndizi. Wote wawili wanapita uwanja kisanduku kwa kisanduku, na wote hawaruhusiwi kuacha kimoja.

Katika kitendawili, anayeshindwa huambiwa: nipe mji. Anataja mji, mtegaji anaupokea na kuutembelea kwa maneno, ndipo anatoa jibu. Jirani zetu wa Msumbiji hawakuwa wameshindwa fumbo lolote, lakini miji na mashamba yao ilichukuliwa na mitego ya vita vilivyokwisha mwaka 1992. Panya wa Morogoro walikuwa miongoni mwa waliopelekwa kuitegua. Septemba 2015 nchi hiyo ikatangazwa kuwa haina tena maeneo yanayojulikana kuwa na mabomu ya ardhini. Miji ikarudi kwa wenyewe.